UKURASA WA NYUMBANI: Nyumba Kwanza, Mgeni Baadaye

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametujulisha katika Suratul Anbiyaa, aya ya 30, ya kwamba uhai wa kila kilicho hai umetokana na maji. Aya hii twaisoma na kuisikia tangu utotoni, lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kukaa mbele ya maji na kuyatazama kwa makini, wakaona jinsi viumbe vilivyomo vinavyotegemeana. Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, wazee na vijana, juu ya jambo dogo la nyumbani ambalo laweza kuwa darasa kubwa: tangi la samaki la kioo, lililotiwa udongo chini na kupandwa mimea.

Tumeona ni wajibu kuliandika jambo hili kwa sababu katika nyumba nyingi mambo hufanywa kinyume. Mtoto huona samaki wa rangi dukani, naye hulia mpaka baba akanunua wawili. Samaki hutiwa katika bakuli la kioo, bakuli likajazwa maji ya mfereji, na kila apitaye huwatupia makombo ya mkate. Siku ya tatu maji huwa na ukungu. Siku ya tano samaki mmoja huelea tumbo juu. Hununuliwa mwingine, naye hufa. Mwishowe bakuli hutupwa stoo, na mzazi humwambia mwanawe, "Ndiyo hali ya samaki, hawaishi."

La, hiyo si hali ya samaki. Samaki yule aliletwa katika nyumba isiyokuwa tayari, akafa kwa sumu ya taka zake mwenyewe. Lakini hasara kubwa si fedha iliyopotea. Hasara kubwa ni somo aliloondoka nalo mtoto: kwamba kiumbe hai ni kitu cha kuchezea, na kikifa hununuliwa kingine.

Sharti la ruhusa

Je, yafaa Mwislamu kumweka samaki ndani ya kioo? Yafaa, lakini ni ruhusa yenye sharti. Imepokewa kwa Anas bin Malik (R.A.), katika Sahihi za Bukhari na Muslim, ya kwamba ndugu yake mdogo, aliyekuwa akiitwa Abu Umair, alikuwa na kindege akicheza nacho. Mtume wetu (S.A.W.) alipofika nyumbani kwao alikuwa akimfanyia mtoto yule mzaha wa upole kwa kumwuliza habari za kindege chake, wala hakumkataza kuwa nacho. Ibn Hajar, katika Fat-hul Bari, ametaja kuwa hadithi hii inaonyesha ruhusa ya kumweka ndege tunduni.

Lakini hadithi hii twaisoma pamoja na nyingine iliyo mashuhuri, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, asimpe chakula wala asimwachilie akajitafutie. Tukizitazama hadithi mbili hizi kwa pamoja twapata mafunzo yaliyo wazi. Anayemfungia kiumbe njia ya riziki yake, riziki ile imekuwa juu yake yeye. Na riziki ya samaki si chakula peke yake. Maji ndiyo nyumba yake, ndiyo hewa yake, na ndiyo choo chake. Basi anayetaka kumfuga samaki, kwanza ajifunze kuyafuga maji.

Mizani iliyomo majini

Samaki hutoa sehemu kubwa ya taka zake kwa matamvua yake, katika sura ya amonia. Amonia ni sumu. Katika mto na bahari maji ni mengi na sumu hiyo hutawanyika. Katika bakuli haina pa kwenda. Mwenyezi Mungu amejaalia bakteria ambao hawaonekani kwa macho, kazi yao ni kuigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kisha bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hawa huhitaji majuma kadha wa kadha kabla ya kukaa na kuzaana vya kutosha, na bakuli la siku tano halijawapata.

Mimea ya majini hufanya kazi hiyo kwa njia fupi zaidi. Huinyonya amonia yenyewe na kuifanya majani; wakati wa mwangaza hutoa oksijeni ambayo samaki huivuta. Nao udongo ulio chini huilisha mimea kwa mizizi, na vijidudu vilivyomo katika udongo, vinapoozesha mabaki, hutoa hewa ya kaboni dioksaidi ambayo mmea huihitaji ili ukue. Hivyo taka ya mmoja ni chakula cha mwingine. Katika Suratul Hijr, aya ya 19, Mola wetu ametaja kuwa vitu alivyoviotesha katika ardhi ameviotesha kwa mizani. Mwenye tangi la udongo huiona mizani hiyo kila siku barazani kwake.

Wala jambo hili si la jana. Mwaka 1850 mwanakemia Mwingereza, Robert Warington, aliwaeleza wenzake mjini London majaribio yake. Alichukua chombo kikubwa cha kioo, akatia mchanga na tope chini, akapanda mmea uitwao Vallisneria, akatia na samaki wadogo wawili wa rangi ya dhahabu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka majani makuukuu yalipooza na kuchafua maji. Alipotia konokono wa majini, nao wakala yale yaliyooza, maji yakarudi kuwa safi. Karibu miaka mia na hamsini baadaye, mwaka 1999, Mmarekani Diana Walstad alitoa kitabu kizima juu ya matangi ya namna hii, akaeleza kwa hoja za kisayansi jinsi udongo wa kawaida na mimea mingi vinavyoweza kuyatunza maji bila ya mitambo mingi. Kwa nyumba zetu hili lina faida ya pekee: halina gharama kubwa, na umeme ukikatika usiku, uhai wa tangi haukatiki pamoja nao.

Tangi na mahali pake

Kwa nyumba ya kawaida tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35 latosha. Likijaa mpaka ukingoni huchukua karibu lita 63. Ukiondoa nafasi ya udongo na nafasi ya juu, hubaki kama lita 50 za maji. Wengi hudhani tangi dogo ndilo jepesi kwa mwanafunzi. Sivyo. Maji machache huharibika upesi, na kosa dogo ndani yake huwa kubwa.

Tangi la kadiri hii likishajazwa huwa na uzito wa zaidi ya kilo 60. Basi liwekwe juu ya meza imara iliyo sawa, mbali na mlango na mahali pa kupigia mpira. Lisipigwe na jua la mchana, kwani maji yatachemka na ukijani utatanda kiooni. Mwangaza wa dirisha usio wa jua kali wafaa, pamoja na taa ya umeme ya saa nane hivi kwa siku. Walstad amependekeza taa izimwe saa chache katikati ya mchana ili kaboni dioksaidi ipate kurudi majini. Twaweza kusema kuwa mimea nayo hupewa kailula yake. Waya wa taa uning'inie chini ya tundu la umeme kabla ya kupanda, ili tone la maji lisiteremke mpaka tunduni. Na mtu asitie mkono majini kabla ya kuchomoa waya.

Udongo

Udongo unaotakiwa ni wa kawaida wa bustani, ule mweusi-mweusi ulioota majani vizuri. Usiwe umetiwa samadi, wala mbolea ya dukani, wala dawa ya wadudu. Vitu hivyo vitajaza maji amonia au sumu. Udongo mwekundu mtupu wa mfinyanzi haufai peke yake, kwani hutibua maji. Lakini konzi moja ikichanganywa na ule mweusi huongeza chuma, na mimea hupenda.

Uchekeche kwanza kuondoa mawe, mizizi na vijiti. Kisha uloweke ndooni siku tatu au nne, ukiumwaga maji yake kila siku pamoja na takataka zinazoelea. Halafu uutandaze chini ya tangi ukiwa tope zito, kimo cha sentimita mbili na nusu, wala usizidi tatu. Kwa tangi tulilolitaja hiyo ni lita nne na nusu, yaani kama robo ya debe. Vijana wengi hupenda kuzidisha, wakidhani udongo mwingi ni chakula kingi. Udongo mnene hukosa hewa, ukaoza, ukatoa mapovu yanayonuka kama yai viza, nayo ni sumu kwa mizizi na kwa samaki.

Juu ya udongo utandazwe mchanga mnene au changarawe ndogo, kimo cha sentimita mbili na nusu, ili kuufunika udongo usipande majini. Hapa twawaonya ndugu zetu wa pwani: msichukue mchanga wa bahari. Una chumvi, na umejaa vipande vya makome na matumbawe vinavyoyafanya maji kuwa magumu zaidi. Chukueni mchanga wa mto, mwuoshe mpaka maji yatoke meupe. Ukiutilia shaka, udondoshee siki. Ukitoa mapovu, una makome ndani yake.

Mtu asiudharau udongo kwa kuuona ni tope. Katika kisiwa cha Unguja mna kisamaki kiitwacho kwa jina la elimu Nothobranchius guentheri, ambacho huishi katika vidimbwi vya mvua. Kidimbwi kikikauka wazazi hufa wote, lakini mayai hubaki yamezikwa katika tope kavu, yakingoja. Mvua zikirudi, vitoto hutoka. Mwenye kuhifadhi uhai katika udongo uliopasuka kwa jua ni Muweza wa kila jambo.

Mimea

Mimea ipandwe siku ile ile ya kwanza, nayo iwe mingi. Hili ndilo sharti ambalo wengi hulivunja kwa ubahili, wakapanda mashina mawili matatu na kungoja yazaane. Mimea ikiwa michache, chakula kinachotoka katika udongo huliwa na ukijani, na tangi huharibika kabla ya kuanza. Ukiangalia kutoka juu, mchanga usionekane ila sehemu ndogo. Mizizi nayo hupeleka oksijeni ndani ya udongo na kuuzuia usioze.

Chagueni mimea inayokua upesi. Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, ndiyo ile aliyoitumia Warington, nayo humea hata katika Ziwa Nyasa. Ceratophyllum, unaofanana na mkia wa paka, hauna mizizi. Huelea tu, na ni hodari wa kunyonya amonia. Nyongezeni na mimea mifupi ya mbele kadiri ya mtakavyopata.

Kisha yatieni maji taratibu, mkiweka kisahani juu ya mchanga na kumimina juu yake, ili udongo usitibuke. Maji ya mfereji huwa na klorini, ambayo huua bakteria na kuunguza matamvua. Klorini hutoka maji yakiachwa wazi kwa siku nzima. Lakini mahali panapotumika kloramini kuachwa hakutoshi, na ni lazima itumike dawa ya kuiondoa inayouzwa na wauza samaki. Maji ya kisima cha pwani yaonjwe kwanza: yenye chumvi yaachwe.

Majuma ya subira

Hapa ndipo penye mtihani. Tangi limesimama, mimea ni kijani kibichi, taa inawaka, na mtoto anauliza samaki wataingia lini. Ajibiwe: bado.

Katika majuma ya mwanzo udongo mpya hutoa amonia. Maji yaweza kuwa ya rangi ya chai au yenye ukungu, na majani mengine yatakufa yakijizoeza makao mapya. Katika muda huu badilini robo ya maji mara mbili kwa juma, na ondoeni majani yaliyooza. Maji mnayoyatoa msiyamwage ovyo. Ni mbolea nzuri ya mchicha na maua. Nunueni vipimo vya maji, hata kama ni kwa kushirikiana na jirani, mpime amonia na naitraiti. Pimeni kwa juma zima. Vyote viwili vikisimama kwenye sifuri, na mimea ikitoa majani mapya, nyumba iko tayari. Mara nyingi huwa ni baada ya majuma manne mpaka sita.

Twajua kuwa majuma sita kwa mtoto ni mwaka. Lakini mzazi aliyemfundisha mwanawe kungoja majuma sita kwa ajili ya raha ya kisamaki amemfundisha jambo ambalo hakuna duka linaloliuza.

Wageni wanapokaribishwa

Kwa lita 50 anzeni na samaki wadogo sita. Samaki waitwao gapi, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, huyaweza maji magumu ya visima na mifereji ya pwani. Chukueni madume peke yao. Majike huzaa kila mwezi, na katika muda mfupi mtakuwa na kijiji kisichotosha. Msitie perege wala samaki mwingine aliyevuliwa kwa ajili ya kitoweo: hukua upesi, na tangi dogo kwake ni kifungo.

Mfuko waliokuja nao uelee juu ya maji dakika ishirini ili joto lilingane, mkiongeza maji ya tangi kidogo kidogo ndani yake. Wapeni chakula mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizika katika dakika mbili. Kinachobaki huoza, nacho kikioza mizani huvunjika. Matangi mengi huharibiwa na mkono wenye huruma isiyo na elimu. Basi kazi ya kulisha apewe mtu mmoja, na wengine watazame.

Kumbukeni pia kuwa samaki hawafungi Ramadhani pamoja nasi, na kuwa siku za Idi na harusi, nyumba inapojaa wageni, ndipo wanaposahauliwa au kulishwa na kila mtu. Familia ikisafiri siku mbili tatu, samaki wazima hawadhuriki kwa kukosa chakula. Safari ikiwa ndefu zaidi, hata ikiwa ni ya Hija, aachiwe jirani mwaminifu, naye afungiwe chakula cha kila siku katika vikaratasi vyake.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni ya afya. Vijana wasiingie katika mabwawa na vijito kutafuta mimea au konokono. Konokono wa maji baridi wa aina fulani katika nchi zetu hubeba vijidudu vya kichocho, ambavyo humwingia mtu kwa kupenya ngozi akiwa majini. Chukueni mimea na konokono kutoka katika tangi la mtu mnayemjua au kwa muuzaji anayewaotesha mwenyewe.

Ya pili ni ya amana. Atakayechoka na samaki au mimea yake asiimwage mtoni wala ziwani. Gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini na lililopendwa kwa maua yake, lilipoingia Ziwa Viktoria lilitanda, likafunga njia za mashua na kuwakosesha wavuvi riziki. Sangara aliingizwa katika ziwa hilo katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zilizokuwa humo peke yake zikatoweka. Mimea iliyozidi ikaushwe juani na kufukiwa. Samaki wapewe mwenye tangi. Aliyemleta mgeni ndiye mwenye dhima ya kumwondoa.

Ndugu zetu, tumeandika mengi juu ya chombo cha kioo, lakini neno letu ni moja. Kila kilicho chini ya mkono wetu kina haki iliyotangulia furaha yetu juu yake. Mtoto anayetayarisha udongo kabla ya mimea, na mimea kabla ya samaki, akajizuia kulisha kwa wingi ijapokuwa mkono unawasha, huyo anajifunza ulezi. Huenda kesho akawa na mke na watoto, au wafanyakazi, au wagonjwa mikononi mwake, na akajua kuwa mtu hamchukui kiumbe cha Mwenyezi Mungu kabla ya kumtayarishia mahali.

Twamwomba Mola wetu atujaalie huruma yenye elimu, na atupe subira katika madogo ili tuipate katika makubwa. Wabillahi Tawfiq.